Sukuma Kwanza

Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ndogo kweli. Ukikaa ndani na mtu, bega lako liko kwenye bega lake, goti lako linagonga goti lake, na kama mwenzako alikula vitunguu mchana utajua bila kuambiwa. Waliounda ndege hiyo waliyaimarisha mabawa yake ili iweze kupinduliwa angani isivunjike, lakini nafasi ya kukaa hawakuiongeza hata kidogo. Kapteni Nashon Nalianya, mtu wa Bungoma mwenye mabega ya kubebea magunia, aliingia humo kwa kujikunja, akavuta mlango kwa kiwiko, na kwa miaka kadhaa hakuona shida yoyote. Shida ilianza siku ambayo mtu aliyetaka kukaa kando yake alikuwa mke wa mwanawe.

Lakini kwanza kazi yenyewe, maana wengi wakiisikia hudhani ni mchezo wa watu wasio na la kufanya. Nalianya alikuwa amerusha ndege kubwa za abiria mpaka nywele zikamwisha kichwani. Alipostaafu, katikati ya miaka ya tisini, alijenga nyumba Noonkopir, pale Kitengela, akanunua hiyo ndege ndogo kwa ubia na rafiki yake, kisha akakodi kiwanja cha ndege cha murram, changarawe nyekundu iliyoshindiliwa, katika shamba la Parsaoti, mfugaji mwenye ardhi kando ya barabara ya kwenda Kajiado. Hapo alifundisha jambo moja tu: namna ya kujiokoa ndege ikikugeuka angani. Wanafunzi wake hawakuwa vijana wanaojifunza kupaa. Walikuwa marubani kamili wa mashirika, watu wenye mistari begani, wanaoweza kukushusha Mombasa na chai yako isimwagike.

Watu hao wote walikuwa na pengo lilelile. Rubani wa abiria hulipwa ili ndege isiyumbe, na anaweza kumaliza maisha yake ya kazi bila kuiona dunia ikiwa juu ya kichwa chake. Kisha siku moja anafuata ndege kubwa kuliko yake, anaingia katika upepo unaojisokota nyuma ya mabawa ya ile kubwa, na kufumba na kufumbua amelala chali. Hapo mwili wake mwenyewe humdanganya. Mwili wa binadamu ukiona ardhi inakuja, unavuta usukani kifuani, kwa sababu siku zote kuvuta kumekuwa ndiko kupanda. Lakini ukiwa chali, kuvuta ni kuielekeza pua chini. Unajipeleka kaburini mwenyewe, kwa mikono yako miwili.

"Sukuma kwanza," Nalianya aliwaambia. "Halafu geuza mabawa yakae sawa. Ndipo uvute, na uvute polepole." Aliyasema hayo chini, mbele ya ubao uliotundikwa kwenye ukuta wa mabati, na kila mmoja aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kisha aliwapandisha juu, akaipindua ndege, na kila mmoja wao, bila kukosa, alivuta.

Keynan Burale alivuta mara mbili. Alikuwa kijana wa Kisomali, mtoto wa mzee Burale aliyefanya biashara ya mifugo Kajiado, na tayari alikuwa kapteni katika kampuni moja ya ndege za mizigo. Mara ya kwanza alipiga kelele ambayo Parsaoti alidai ameisikia akiwa kwenye mbuzi wake. Mara ya pili alitapika ndani ya kofia yake nzuri ya kazi. Mara ya tatu alisukuma. Uzito ulipopotea ghafla ndani ya ndege, vumbi lote la Kitengela lililokuwa limekaa sakafuni lilipanda mpaka darini, biro ikaelea mbele ya uso wake, na Keynan, macho yamemtoka, akageuza mabawa, akavuta polepole, na wakawa wanaruka sawa kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Wallahi, Kapteni," alisema waliposhuka, akiwa ameshikilia bawa asianguke, "hii kitu hainitoki tena. Iko kwa mikono sasa."

"Hapo ndipo mahali pake," Nalianya akamjibu. "Kichwani haikai."

Maneno hayo aliwaambia wanafunzi wake wote, mmoja baada ya mwingine, kwa miaka. Laiti angalijisikiliza.

Shirleen alikuwa mke wa Morgan, kifungua mimba wa Nalianya, mhasibu ambaye alifumba macho kila ndege ilipopaa na kuyafumbua ilipotua. Mzee hakuwahi kulalamika, lakini alikuwa ametamani sana mtoto wake mmoja airithi kazi yake, na ni kama Mungu alimsikia kwa utani, akamletea rubani kwa njia ya ndoa. Shirleen, binti wa mwalimu wa Webuye, alikuwa amesomea urubani katika uwanja wa Wilson, Nairobi, na kuajiriwa kama rubani msaidizi katika kampuni ileile ya Keynan. Mara nyingi waliruka pamoja.

Sasa, kwao Nalianya, baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani mikono. Hawaketi kiti kimoja, hawali meza moja, hawaitani majina. Si chuki, ni heshima, na ukiiona ikifanywa vizuri ina uzuri wake. Shirleen alipokuja Noonkopir alipitia mlango wa jikoni, akasalimia kwa mbali akiwa ameinama kidogo, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango. Mzee alimwita Mama Nanjala, kwa jina la mjukuu. Kutoka pande hizo mbili za sebule walizungumza habari za ndege mpaka chai ikapoa: mawingu ya Aprili, upepo wa Lokichoggio, kapteni gani hutua kama anayeangusha gunia la viazi. Margaret, mke wa mzee, alikaa katikati akiwasikiliza na kutikisa kichwa. Alisema hajawahi kuona watu wanaopendana hivyo huku wameachana umbali wa makochi mawili.

Kulikuwa na njia ya kuilegeza heshima hiyo. Nyumbani kwao, mzee humpa mke wa mwanawe zawadi, mara nyingi blanketi, mbele ya wazee, wanakula pamoja, na tangu siku hiyo anakuwa kama binti wa kuzaa. Nalianya alikuwa amesema tangu harusi kwamba angelifanya jambo hilo Desemba. Desemba ipi, hakusema.

Basi Jumapili moja, mwaka 2000, vyombo vikiwa vimeondolewa na Morgan akisinzia na gazeti kifuani, Shirleen akasema kutoka kwenye kigoda chake, "Baba, nataka unipeleke juu. Unipindue vile unapindua hao wengine."

Nanjala aliyekuwa akivuta mkia wa paka akaacha, na paka naye akatulia. Mzee alitazama dirishani.

"Mama Nanjala, hiyo ndege umeiona?"

"Nimeiona."

"Na viti umeviona?"

"Nimeviona, Baba. Lakini kazini nakaa na wanaume kila siku."

"Hao si baba mkwe wako."

"Nashon," Margaret akaingilia, "si umfundishe tu? Hawa watu wa Noonkopir watajulia wapi?"

"Noonkopir si shida. Wewe unadhani hii maneno itachukua muda gani kufika Bungoma?"

Huo ndio ulikuwa ukweli wake, na aliuanika bila kujua. Haikuwa heshima peke yake. Mzee aliogopa midomo ya watu. Aliwaona binamu zake wamekaa kwenye viti vya plastiki wakicheka mpaka machozi: Nalianya, huko kwa Wamasai, anajifungia kwenye kisanduku na mke wa kijana wake, wamefungwa mikanda bega kwa bega, na anampindua miguu juu! Hadithi kama hiyo ingemfuata mpaka siku ya matanga yake.

"Desemba," akasema. "Tukienda nyumbani nitaongea na wazee, tufanye hii kitu vizuri. Halafu Januari nakupeleka."

Shirleen akainamisha kichwa. "Sawa, Baba."

Na kwa kuwa roho ilimsuta, mzee akamfundisha palepale. Alinyoosha kiganja chake kikawa ndege, yeye akiwa upande wa dirisha, naye Shirleen akanyoosha chake upande wa jikoni. Viganja vikapinduka pamoja hewani.

"Uko chali. Unafanya nini?"

"Nasukuma."

"Halafu?"

"Nageuza mabawa."

"Halafu?"

"Navuta, polepole."

Hakukosea hata neno. Alielewa kwa nini upepo unashika bawa moja na kuachilia jingine, akauliza maswali ambayo makapteni wazima hawakuwahi kuyauliza, na kiganja chake hakikutetemeka. Margaret akasema kwamba sasa hata yeye anaweza kurusha, wampe tu funguo. Wakacheka wote. Mzee alijiambia kwamba mambo muhimu alikuwa amemfundisha, yaliyobaki yanaweza kungoja. Aliridhika, na kuridhika huko ndiko kulikokuja kumchoma baadaye kuliko jambo lolote.

Desemba ikafika. Alikuwa na wanafunzi kutoka Uganda, akachelewa kufika nyumbani, na mzee mmoja ambaye lazima angekuwepo alikuwa amelazwa. Akasema Aprili. Aprili mvua ikageuza kiwanja tope, na safari ikavunjika. Akasema Agosti. Kila sababu ilikuwa ya kweli, na hakuna hata moja iliyotosha.

Keynan alikuja kiwanjani mwezi huo wa Agosti. Hakuja kwa mafunzo, alikuja kusema naye. Aliwakuta Nalianya na Parsaoti wakinywa chai kwenye kivuli cha bawa.

"Sopa, Kapteni," alisalimia kwa Kimaa, kama alivyozoea akiwa kwa Parsaoti.

"Epa," Parsaoti akaitikia kwa niaba ya wote.

"Kapteni, niko na neno moja. Huyu msichana wako ni mzuri. Ni mzuri kuliko wengi wenye nimeruka na wao. Lakini hajapinduliwa. Mpindue, tafadhali."

"Bado kuna mambo ya nyumbani."

"Najua hiyo mambo, Shirleen ameniambia. Hata mimi niko na heshima zangu. Mkono wa mwanamke mwenye si wangu sishiki. Lakini kwa cockpit, akikosea, nitamshika hata shingo. Mungu ataelewa."

Parsaoti alicheka. "Hata sisi tuko na enkanyit," alisema, akimaanisha heshima. "Mimi na mke wa kijana yangu hatukai nyumba moja. Lakini hii kitu yako inaenda juu ya mawingu, Kapteni. Huko nani atawaona? Twiga?"

Nalianya naye alicheka, akamwongezea Keynan chai, na mazungumzo yakageukia bei ya ng'ombe. Akamwahidi Desemba.

Ndege ilianguka kabla ya Desemba hiyo.

Ilikuwa asubuhi, mbingu haina hata wingu. Keynan na Shirleen walikuwa wakirudi kutoka Mwanza na shehena ya samaki, wakishuka kuelekea uwanja wa Nairobi juu ya mbuga za Kitengela. Shirleen ndiye aliyeshika usukani, Keynan akizungumza na waongozaji kwa redio. Mbele yao ilikuwa imepita ndege kubwa ya abiria. Nalianya hakuona kitu. Alikuwa kiwanjani akisafisha vioo, akasikia simu ikilia mfukoni, na sauti ya Morgan ikamwambia aketi chini kwanza.

Wafugaji ndio waliofika wa kwanza mahali pale, wakavunja mlango kwa mawe. Keynan alikuwa ameshafariki. Shirleen walimtoa akiwa hai, nyonga imevunjika na mkono wa kushoto umepondeka.

Alipopata nafuu ya kuonekana na watu, mzee alikwenda hospitalini na Margaret. Margaret aliingia mpaka kitandani, akaketi, akamshika binti uso. Mzee alisimama mlangoni mwa wodi na kofia mkononi, maana kitandani pa mke wa mwanawe si mahali pake. Wauguzi walimpita huku na huku na sinia za dawa.

"Baba," Shirleen akasema akigeuza kichwa.

"Mama Nanjala. Pole sana, mama. Usiongee, upumzike."

"Baba, nilivuta."

Ilimbidi aseme kwa sauti ili mzee asikie kutoka pale aliposimama, kwa hiyo wodi nzima ilisikia.

"Nilijua ni kusukuma. Nilikuwa najua kabisa. Tulitupwa tu hivi, nikaona barabara ya Namanga iko juu ya kichwa yangu, na mikono ikavuta yenyewe. Keynan akasema aachiwe. Nilimsikia, Baba. Lakini mikono ilikataa kutoka. Yeye anasukuma, mimi navuta. Nilimshinda nguvu, sijui nilitoa wapi. Mpaka akanipiga na kiwiko ndiyo nikaachilia. Akageuza mabawa. Yalikaa sawa, Baba, sawa kabisa. Ilibaki kuvuta tu, na ardhi ilikuwa imefika."

Nalianya aliiona picha hiyo kama aliyekuwepo. Usukani wa mmoja umeunganishwa na wa mwenzake, na watu wawili wameushikilia: mmoja yeye mwenyewe alimpandisha juu na kumpindua, mwingine alimfundisha kwa kiganja tu kutoka ng'ambo ya sebule. Yule aliyefundishwa vizuri ndiye aliyekufa. Alitaka kuuvuka ule mlango, aende mpaka kitandani, amwambie binti huyu kwamba kosa si lake hata kidogo. Lakini hata hapo, hata baada ya hayo yote, alisimama palepale mlangoni akasema pole mara nyingine, kisha akaenda kwenye maegesho akalia ndani ya pikapu yake, vioo vimefungwa.

Rambirambi alizipeleka Kajiado peke yake. Nyumba ya Burale ilijaa wanaume walioketi kwenye mikeka, na kutoka vyumba vya ndani zilisikika sauti za wanawake waliomzunguka Nafiso, mjane wa Keynan. Mzee Burale aliinuka alipomwona. Akauchukua mkono wake kwa mikono yake yote miwili na hakuuachilia.

"Kijana yangu alikuwa anakutaja hapa kila mara," alisema. "Alituambia ile siku ametapika kwa kofia, tulicheka sana. Watu wa uchunguzi wameniambia ndege ilifika chini mabawa ikiwa sawa. Wamesema hiyo ndiyo iliokoa yule dada. Hiyo ni kazi yako, Kapteni. Ulimfundisha, na yeye akaokoa mtu. Mungu akulipe."

Nalianya alifungua mdomo. Alikuwa na maneno yote tayari, aliyapanga njiani kuanzia Isinya: kwamba yule dada ni mke wa mwanangu, kwamba aliniomba, kwamba Keynan mwenyewe aliniomba, nami nikachelea watu wa kijijini kwetu. Lakini wageni wengine wakaingia wakitoa salamu, mtu akamwekea glasi ya chai mkononi, na Burale akamwonyesha mahali pa kuketi, karibu yake, mahali pa heshima. Akaketi. Akanywa chai ya watu, akashukuru, akaondoka. Maneno yale aliyasema baadaye, kwa sauti, akiwa peke yake barabarani, na hakuna aliyeyasikia isipokuwa yeye.

Tangu hapo hakufundisha tena. Wanafunzi walipopiga simu alisema ndege ni mbovu. Aliifunika kwa turubai, na mbuzi wa Parsaoti wakaanza kulala chini ya mabawa. Zawadi ya Shirleen nayo haikutolewa Desemba hiyo wala iliyofuata, kwa sababu angesimama vipi mbele ya wazee na kumpa mtu blanketi baada ya kumnyima kile alichokuwa amekiomba? Shirleen aliendelea kuja Noonkopir akitembea kwa gongo, akaendelea kuketi kwenye kigoda. Habari za ndege hazikuzungumzwa. Walizungumza habari za mvua.

Mwaka 2003, mwezi wa pili, gari la Morgan lilisimama kiwanjani bila taarifa. Nanjala alikuwa amelala kwenye kiti cha nyuma, mdomo wazi. Morgan alibaki kwenye usukani. Shirleen akashuka taratibu na gongo lake, akaja moja kwa moja mpaka alipokuwa mzee, karibu kuliko alivyowahi kusimama.

"Baba, nipeleke juu."

"Mama Nanjala, wazee bado hawaja..."

"Sirudi kazini, Baba. Hiyo imeisha, hata nyonga haiwezi. Lakini mikono yangu bado inavuta. Nikipika inavuta. Nikishika mtoto inavuta. Nataka ijue." Akamtazama usoni. "Wewe ulisema kichwani haikai."

Mzee alimtazama Morgan garini. Morgan akageuza uso akatazama upande wa Ngong, kama mtu aliyeona huko kitu cha maana sana. Akamtazama Parsaoti.

"Mimi napeleka mbuzi huko upande ile ingine," Parsaoti alisema, akiokota fimbo yake. "Niko na kazi mingi. Siangalii."

Wakaliondoa turubai. Nalianya aliikagua ndege muda mrefu, kila skrubu, akaiwasha, akaiacha ingurume, akaizima, akaiwasha tena. Ilipofika wakati wa kuingia, Shirleen alipanda upande wa kushoto kwa shida, na mkanda wa bega ukamshinda, kwa kuwa mkono ule ulioumia haukufika nyuma. Akangoja. Mzee naye alingoja kidogo, kama anayetarajia mtu mwingine atokee. Hakutokea mtu. Basi akauvuta ule mkanda mwenyewe, akaupitisha begani kwa binti, akaufunga, akaukaza. Kisha akajikunja akaingia upande wake, akavuta mlango kwa kiwiko, na bega lake likakaa kwenye bega la mke wa mwanawe.

Hakuna kilichotokea. Jua liliendelea kuwaka, na mbuzi wakaendelea kula.

Walipanda polepole, maana joto la mbuga huilegeza ndege hiyo, mpaka Kitengela yote ikawa mabati yanayometa na barabara ikawa uzi. "Ni yako," mzee akamwambia. Kisha akaipindua.

Shirleen alivuta. Mzee alijua angevuta. "Yangu," akasema, na akaichukua, akasukuma, akageuza, akawarudisha sawa. Binti alikuwa akihema na machozi yamemjaa. Mzee hakumwambia neno la kumtuliza. Alipanda tena mpaka palepale, akampa usukani, akapindua.

"Sukuma kwanza," alisema.

Aliuona mkono wake wa kulia, ule mzima, ukitaka kurudi kifuani, na akauona ukikatazwa. Kisha ukaenda mbele. Vumbi likainuka sakafuni likapanda mpaka darini, vumbi lile ambalo halikuwa limesumbuliwa tangu siku za wanafunzi wa mwisho. Mabawa yakageuka, yakakaa sawa. Akavuta, polepole, vizuri kuliko Keynan, vizuri kuliko wote. Mzee hakugusa kitu chochote. Mikono yake ilikuwa mapajani.

Alirudia mara nyingine, na nyingine, hakukosea tena.

Walipotua na injini ikanyamaza, hakuna aliyefungua mlango. Walikaa bega kwa bega wakisikiliza chuma kikipoa. Shirleen alikuwa akiutazama mkono wake kana kwamba ameletewa sasa hivi. Kisha akamgeukia, na hakukuwa na lawama usoni mwake, ni mshangao tu, na huo ndio ulikuwa mbaya zaidi.

"Ni hivyo tu, Baba?"

Nalianya alitafuta la kusema juu ya wazee, na mvua ya Aprili, na wanafunzi wa Uganda. Hakuona hata moja linaloweza kusemeka. Alimfikiria Keynan kwenye kivuli cha bawa hilihili, akishikilia kikombe cha chai, akisema tafadhali.

"Ni hivyo tu, Shirleen," akajibu, na akalia mbele yake bila kujificha.

Kwenye gari, Nanjala alikuwa bado hajaamka.